Unaenda Lagos? Soma hapa kwanza kabla hujalipia hoteli Lekki (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, kila ikikaribia Desemba PM yangu inajaa maswali yaleyale, Lagos pakoje, nifikie wapi, niende na shilingi ngapi, eti kweli wanaiba mpaka viatu mguuni. Mimi niko huku kikazi, sina kampuni ya kutembeza watu wala apatimenti ya kukodisha, kwa hiyo sina cha kukuuzia. Namwaga yote hapa, atakayeuliza tena namrushia linki.

Kitu cha kwanza ni ramani, maana mji huu ukiukosea ramani hela yako itaishia kwenye teksi ukiwa umekaa tu foleni unasikiliza redio ya dereva. Lagos ni mji wa majini. Kuna upande wa bara, wenyewe wanaita Mainland, huko ndo Ikeja, Yaba, Surulere, Mushin, Oshodi. Upande wa pili ni visiwa, wanaita Island: Lagos Island yenyewe ambako ndo mji wa zamani, Ikoyi ya wenye nazo, Victoria Island ambayo kila mtu anaita VI, halafu ukinyoosha ndo Lekki mpaka Ajah huko. Kwenye ramani Lekki sio kisiwa ila ukisema "niko Island" wanakuelewa na Lekki imo. Kinachounganisha ni madaraja makubwa matatu, Carter, Eko na Third Mainland. Hili la mwisho lina kilomita 11.8, lilifunguliwa 1990, na lilikuwa refu kuliko yote Afrika mpaka Wamisri walipojenga lao Cairo. Asubuhi watu wa bara wote wanavuka kwenda kazini visiwani, jioni wote wanarudi. Hiyo ndo habari nzima ya Lagos, mengine ni mapambo.

Sasa mgeni anafanyaje: ameona picha za Lekki Instagram, analipia apatimenti Lekki kwa siku zote. Halafu kwenye listi yake kaandika Shrine, ukumbi wa muziki wa familia ya Fela Kuti, yule gwiji wa Afrobeat, iko Ikeja. Jumba la makumbusho la Fela, Ikeja. Computer Village, soko la simu na kompyuta, Ikeja. Na ndege yenyewe inatua Ikeja! Kila siku anavuka daraja kwenda na kurudi, anakaa garini masaa, akirudi nyumbani anasema Lagos ni foleni tupu. Foleni ipo ndio, lakini umeifuata mwenyewe kaka.

Ushauri wangu: siku moja upande mmoja. Siku za mwanzo lala bara, Ikeja GRA kama unataka utulivu, Yaba au Surulere kama unataka mji wenyewe na bei nafuu. Maliza ya bara yote. Halafu hama mara moja na mabegi yako, vuka, kaa VI au Ikoyi au huko Lekki kwenye picha zako, maliza ya visiwani. Najua wengi watanipinga hapa, karibuni.

Kabla hujatoka nyumbani: viza sasa hivi inaombwa mtandaoni, tangu Mei 2025 walihamia kwenye e-visa na kuna kadi ya kuingilia unaijaza mtandaoni pia kabla ya kupanda ndege. Cheti cha homa ya manjano kibebe, kile cha njano, usikiache kwenye begi kubwa. Ndege mnazijua, Waethiopia kupitia Addis, Wakenya kupitia Nairobi, RwandAir kupitia Kigali, mwenye bei nafuu ndo huyohuyo. Saa za huku ziko nyuma ya zetu masaa mawili, na hakuna saa ya Kiswahili, mtu akikwambia tukutane "eight" asubuhi ni saa mbili, usije ukatokea mchana. Plagi ni zilezile za pini tatu, adapta acha nyumbani.

Na hii wengi hawaisemi: huku magari yanapita kulia. Walihama kutoka kushoto tarehe 2 Aprili 1972. Ukivuka barabara kichwa chako cha Bongo kitaangalia upande ambao gari halitoki. Angalia kote kote, tena mara mbili, maana bajaji na pikipiki hazina upande.

Hela sasa. Noti kubwa kuliko zote ni naira 1,000 na haifiki hata dola moja, kwa hiyo ukibadilisha dola mia mbili tu unapewa bunda, usishtuke, ndivyo lilivyo. Naira iliachiwa ielee Juni 2023 ikaporomoka vibaya, wiki chache nyuma yake ruzuku ya mafuta ilikuwa imefutwa na petroli ikapanda zaidi ya mara mbili kwa mkupuo. Maana yake nini kwako: bei yoyote uliyosoma mtandaoni ya kabla ya hapo itupe. Beba dola safi zisizo na mikunjo wala maandishi. Wenyeji wenyewe wanalipana kwa kutuma benki kwa benki, hata muuza mahindi anakutajia namba ya akaunti, sasa wewe huna akaunti ya huku kwa hiyo keshi ni lazima. Mitaani kuna watu wa POS, wakala kabisa kama wetu, kameza na mwamvuli, anachanja kadi anakupa keshi anakata chake. Kadi za nje mashine nyingine zinazikataa, usisubiri mpaka ubakiwe na noti mbili ndo uanze kutafuta.

Usafiri naandika chini maana ni stori yake.

#2 Mleta uzi

Usafiri. Daladala za huku ni danfo, mabasi madogo ya njano yenye mistari miwili myeusi ubavuni. Mgeni lazima apande hata mara moja, mchana, safari fupi, simu mfukoni. Konda ananing'inia mlangoni mguu mmoja hewani anaimba vituo, "CMS CMS CMS!", "Ojuelegba!", na kabla hujakanyaga atakwambia "enter with your change o!" Anamaanisha. Ukimpa noti kubwa hana chenji, anakuunganisha wewe na abiria mwingine, anampa mmoja wenu noti nzima ya wote wawili, anasema mtagawana mkishuka. Hapo mmeshafungishwa ndoa. Mnashuka kituo kimoja mnazunguka pamoja kutafuta wa kuwavunjia hela, na mwenzio haraka zake sio zako. Ukitaka kushuka sema "owa!" kwa sauti, ukinong'ona unapitilizwa.

Ukiona vijana pembeni wanapigapiga bodi la danfo na kudai hela kwa konda, hao ni agbero. Ugomvi wao na konda haukuhusu, hata wakianza kurukiana kaa kwenye siti yako utulie.

Bajaji wanaita keke. Bodaboda wanaita okada, ila Juni 2022 okada zilianza kupigwa marufuku, kwanza kwenye halmashauri sita zikiwemo Ikeja, Surulere, Apapa, Lagos Island na Eti-Osa ambayo ndo VI na Lekki ya karibu. Utaziona bado uchochoroni. Usipande, wakikamatwa pikipiki inaenda kusagwa na wewe unaachwa unaeleza.

Mwendokasi wao ulianza Machi 2008, wa kwetu ukaja 2016, kwa hiyo huku msijitape. Unanunua kadi inaitwa Cowry, unaweka hela unagusa. Kadi hiyohiyo inaingia kwenye treni. Na treni ndo siri ya mji huu kwa sasa, watalii hawaijui kabisa. Laini ya Bluu ni ya umeme, kilomita 13 kutoka Marina kule Lagos Island mpaka Mile 2, imeanza kubeba abiria Septemba 2023, inapita juu ya maji pembeni ya Marina, huo ndo utalii wa bei chee kuliko wote. Laini Nyekundu ilianza Oktoba 2024, inatoka Agbado inapita Ikeja, Mushin, Yaba inaishia Oyingbo. Ukilala Yaba una treni ya kwenda Ikeja bila foleni hata chembe. Mnaona sasa kwa nini nawaambia bara?

Boti zipo pia, kutoka Falomo, CMS, Ikorodu na kwingine. Vaa jaketi la kuokolea na ulifunge kabisa, wengine wanaliweka tu mapajani kama mtoto wa jirani. Usiku usipande.

Programu za teksi zipo, Bolt, Uber, inDrive. Dereva atakupigia kwanza aulize unaenda wapi na unalipa keshi au unatuma. Ukisema kadi, anaghairi. Huo ndo utaratibu, usilalamike.

#3 Mdau

Mkuu umeandika vizuri ila hujagusa kitu tunachotaka kujua. Usalama! Jamaa wale kwa utapeli nani asiyewajua. Mimi hata bure siendi.

#4 Mleta uzi

Sawa mkuu, kaa nyumbani, foleni itapungua kwa mtu mmoja 😂

Seriasi sasa. Tapeli wa Lagos anayekupata wewe mgeni mara nyingi sio yule wa mtandaoni, ni wa hela ndogondogo. Uwanja wa ndege mtu anakushikia begi bila kuombwa, anakusindikiza mita kumi, "oga, anything for your boys?" Hata mwenye sare anaweza kukutakia wikiendi njema siku ya Jumanne. Tabasamu, sema "God bless you, next time", endelea kutembea. Ukitoa kwa mmoja wanakuja kumi. Panga gari la kukupokea kabla hujatua, hoteli nyingi zinatuma dereva, mwambie akutumie picha ya gari na namba yake.

Cha hatari kweli kinaitwa "one chance". Danfo au teksi ya mtaani inakuita, ndani kuna "abiria" watatu wanne, kumbe wote genge moja, mkifika mbele wanakunyang'anya kila kitu. Dawa yake: giza likishaingia usipande gari la barabarani, agiza kwenye programu, linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu. Mchana kwenye danfo usikae dirishani ukichati, kwenye foleni mkono unaingia simu inaondoka, tena dereva hata hageuki.

Polisi wana vizuizi vingi usiku. Washa taa ya ndani ya gari, salimia, toa kopi ya pasi, halisi iache hotelini. Nguo za mabaka ya jeshi usivae hata kofia, kwa raia ni kosa. Usipige picha polisi, daraja lenye askari, wala uwanja wa ndege.

Na jambo moja la sheria ambalo litawashangaza watu wa kutunza: huku kwenye sherehe watu wanamwaga noti kichwani kwa maharusi na waimbaji. Mmeona kwenye video. Sheria ya benki kuu ya 2007 inasema kurusha noti, kuzikanyaga, kuzichorachora ni kosa, adhabu jela isiyopungua miezi sita au faini isiyopungua naira 50,000 au vyote. Miaka yote ilikuwa ya kwenye karatasi, ila Aprili 2024 mtu mmoja maarufu sana mitandaoni alihukumiwa hiyo miezi sita jela. Ukialikwa, weka hela kwenye bahasha, bibi harusi hatachukia.

Nimetembea Lagos usiku nikarudi salama na kuna watu wameibiwa Posta saa sita mchana. Akili ileile unayoitumia Kariakoo inatosha.

#5 Mfanyabiashara wa vitambaa

Habari zenu. Mimi ni wa lace, naenda masoko ya Balogun na Idumota kila mzigo ukiisha, niongezee kwa akina dada maana mleta uzi ni mwanaume hawezi kuyajua haya.

Balogun sio jengo, ni mitaa na mitaa, usitafute geti. Shuka CMS tembea kwa mguu, gari likiingia mle halitoki. Mapema asubuhi ndo vizuri, mchana watu wanakandamizana mpaka hewa inakuwa ya kugombania. Jumapili usiende kabisa, kumefungwa. Pochi mbele tumboni, sio mgongoni, cheni ya dhahabu iache.

Lace inauzwa yadi tano, kitenge wanaita ankara ni yadi sita. Kwenye lace uliza ni ya wapi. Ile ya Austria ndo yenye jina, Wanigeria wamenunua Austria tangu miaka ya sitini na viwanda vya kule Vorarlberg vikawa vinawadarizia wao kabisa, bei yake sasa utakaa chini. Nyingi utakazoonyeshwa ni za China na mtu atakuapia kwa Mungu ni za Austria. Mimi nafanya hivi: nageuza upande wa nyuma naangalia nyuzi. Ikiwa imejaa nyuzi zinazoning'inia hazijakatwa vizuri, na tundu za darizi zimechanika pembeni, hiyo ukiifua mara mbili mteja wako anakurudishia dukani anakutukana. Ishike, ikunje kwenye kiganja uiachie, uone inavyorudi. Usinunue kwa taa ya dukani, toka nayo mlangoni kwenye jua. Atakayekukatalia kutoka nayo mlangoni, ujue jibu lako.

Bei anakuita "customer!" "fine girl!" anakutajia ya juu. Anzia nusu. Muulize "last price?" akitaja, sio last. Ukiondoka hatua tano akakuita, ndo mmeanza biashara. Asipokuita, rudi tu bila aibu, ulikuwa umefika mwisho kweli. Na usiombe bei ya kitu usichokitaka, ukishakubaliana halafu ukakataa kuchukua wanakasirika na wana haki.

Mzigo ukiwa mkubwa kuna wabebaji wanaitwa alabaru, wengi akina mama, patana kabla hajajitwisha na utembee naye sambamba usimpoteze machoni.

Ukialikwa harusi wakakwambia ununue "aso ebi", ndo sare ya harusi, kama hizi zetu ila wao wamepitiliza, na gele la kichwani kuna mtu wa kazi hiyo tu ya kukufunga. Lipa ufungwe, usijaribu mwenyewe.

#6 Mdau

Dada umetisha 🙌 Mleta uzi njoo kwenye msosi, mimi pilipili na mimi hatuongei. Na pia halali inapatikana?

#7 Mleta uzi

Pilipili… mkuu nikupe ukweli, utateseka. Ukimwambia "small pepper" anaelewa usiweke ndoo mbili. Sema "no pepper at all, abeg" na bado supu ilishapikwa nayo. Kimbilia vitu vya kuchoma na vya kukaanga.

Asubuhi tafuta akara, ni bajia za kunde zetu zilezile ila kubwa na laini, mama anakaanga barabarani, unakula na mkate wa Agege, mkate mzito mtamu hauna vipande, unamega. Au ewa agoyin, maharage yaliyopondeka kabisa na juu yake mchuzi mweusi wa pilipili kavu na mawese, hiyo wewe usiye na pilipili ipite mbali. Mchana ingia buka, ndo mama ntilie wao, wengine wanaita "mama put". Unasimama unaonyesha kidole. Kwanza unachagua "swallow", yaani ugali wa aina yako: eba ni wa garri, yaani unga wa muhogo uliokaangwa, iyan ni viazi vikuu vilivyotwangwa, amala ni wa unga wa viazi vikuu vilivyokaushwa, rangi ya kahawia mpaka karibu nyeusi. Amala ikikutisha kwa sura funga macho. Inamwagiwa supu mbili kwa pamoja, ewedu ya kijani inayoteleza kama mlenda na gbegiri ya njano ya kunde, halafu mchuzi mwekundu juu, mchanganyiko huo wanaita abula. Kisha nyama: ukisema "assorted" unapewa utumbo, maini, kila kitu. Ponmo ni ngozi ya ng'ombe, inatafunika vizuri tu, tuache kujifanya. Mkono wa kulia, tonge dogo, unachovya unameza. Ukikaa unatafuna tonge watakucheka.

Egusi, supu ya mbegu za jamii ya tikiti na mawese, ni tamu hata kwa mgeni wa kwanza kabisa, anzia hapo. Jollof mnayoijua ya mgahawani sio yenyewe, ile ya harusini iliyopikwa kwenye sufuria kubwa juu ya kuni ikaungua kidogo chini, hiyo moshi wake ndo utamu. Kwa hiyo tafuta harusi. Sitanii, Jumamosi Lagos ni ya sherehe, mwenyeji wako yeyote ana mwaliko na ukivaa vizuri hakuna atakayekuuliza wewe ni nani.

Halali: jioni suya. Mishikaki ya nyama nyembamba iliyopakwa unga wa karanga na viungo, wachomaji wengi ni Wahausa Waislamu, wanaitwa mallam. Obalende ndo kijiweni kwake. Anakatakata kwenye gazeti na vitunguu na nyanya, mwambie unga wa juu asiongeze. Kuhusu ibada wala usiwe na wasiwasi, Wayoruba nusu kwa nusu, nyumba moja baba Alhaji mama mlokole na wanakula Idi na Krismasi wote. Misikiti iko kila mahali, ile ya Shitta-Bey pale Lagos Island ni ya 1894, ilijengwa kwa mtindo wa Kibrazili na mafundi waliotoka kwenye familia zilizorudi kutoka utumwani Brazil. Ingia uone.

Na salamu! Wayoruba kwa heshima ni watu wa shikamoo haswa. Kijana wa kiume anainama mpaka kugusa chini kwa mzee, wa kike anapiga goti. Wewe mgeni inama kidogo tu, asubuhi sema "ẹ káàárọ̀ ma" kwa mama au "sir" kwa baba, utaona bei inavyoshuka.

#8 Mdau wa Nairobi

Niaje wasee. Mimi nadai tu Shrine na raha za December, hizo zingine mtaniambia baadaye. Iko aje?

#9 Mleta uzi

Karibu mkubwa. Inaitwa New Afrika Shrine, iko Agidingbi, Ikeja, watoto wa Fela waliifungua 2000, ile ya zamani sio hii. Banda kubwa la wazi, picha za akina Nkrumah na Malcolm X, bia, moshi wa aina zote. Femi Kuti akiwa mjini anapiga pale na ukimkuta siku ya mazoezi ni burudani kamili. Uliza ratiba wiki hiyohiyo. Oktoba kuna Felabration, wiki nzima, maana alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1938.

Mchana wa siku hiyohiyo pita Kalakuta Museum, ni nyumba yake ya mwisho, ilifanywa makumbusho 2012. Kaburi lake liko mbele pale. Chumba kimeachwa na viatu vyake na nguo zake zimepangwa, na zile nguo za ndani maarufu. Msichanganye na Kalakuta ya kwanza, ile wanajeshi waliichoma Februari 1977, mama yake Funmilayo Ransome-Kuti akatupwa dirishani, akafa mwaka uliofuata. Mwombe anayekuzungusha akusimulie hilo taratibu, usikimbilie juu kwenye baa ya paa.

Desemba: wanaita Detty December. Tamasha limetangazwa saa mbili usiku, msanii mkubwa anapanda saa nane za usiku akiwahi. Lala mchana. Klabu za VI meza zinalipiwa, uliza bei kabla hujakaa, chupa ikija na fataki ujue fataki nazo zimo kwenye bili.

#10 Mzee wa zamani

Vijana mnaongea raha tu. Sisi tunaikumbuka Lagos kwa 1980, Taifa Stars ilipocheza kombe la Afrika kule kwa mara ya kwanza. Ule uwanja bado upo?

#11 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Upo, Surulere. Machi 8, 1980 tulifungua na wenyeji wakatufunga 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Wanigeria wakalibeba kombe lenyewe kwa kuipiga Algeria 3-0. Uwanja uliachwa ukachakaa miaka mingi baada ya mpira mkubwa kuhamia Abuja, inauma kuutazama, ila nje kuna vibanda vya bia na samaki wa kuchoma jioni na wazee wa rika lako wamejaa wanabishania kikosi hicho. Usipite bila kusema unatoka Tanzania. Sio mbali na hapo, Iganmu, kuna jumba la taifa la sanaa lililojengwa kwa ajili ya FESTAC, lile tamasha la sanaa za watu weusi la 1977, sasa linaitwa kwa jina la Wole Soyinka.

#12 Mleta uzi

Namalizia visiwani kwa wanaosubiri.

Siku ya Onikan, pale Lagos Island, unatembea kwa mguu, mtu asikudanganye ukodi gari. Makumbusho ya Taifa, ndani kuna Benz ya mtawala wa kijeshi Murtala Muhammed, gari lilelile alilouawa nalo kwenye foleni ya Lagos Februari 1976, matundu ya risasi unayahesabu mwenyewe. Uwanja wa ndege una jina lake. Karibu yake kuna Freedom Park, lilikuwa gereza la mkoloni, sasa ni bustani ya muziki na maonyesho, vyumba vya wafungwa vimebaki alama chini. Halafu ingia mitaa ya Wabrazili, nyumba za zamani zenye nakshi, nyingi zinabomoka. Nenda kabla hazijaisha.

Lekki: Nike Art Gallery, ghorofa zimejaa michoro mpaka kwenye ngazi, kuingia bure, mama Nike mwenyewe ukimkuta anakusalimia. Lekki Conservation Centre ina daraja la kamba la kutembea juu ya miti, mita 401, kima wanakufuata, wenye woga wa urefu msijaribu kwa kuona aibu maana katikati hakuna pa kugeukia. Ufukwe, pendekezo langu ni Tarkwa Bay, inafikika kwa boti tu. Landmark msiitafute, sehemu kubwa ilivunjwa 2024 kupisha barabara ya pwani ya kwenda Calabar.

Makoko, kile kijiji cha nyumba za nguzo juu ya maji unachokiona ukiwa kwenye Third Mainland: usiende na kamera kama mbuga. Watu wanaishi pale. Ukiwa na mwenyeji wa mlemle sawa.

Badagry ni siku nzima, upande wa mpaka wa Benin, njia ya watumwa na nyumba ya ghorofa ya 1845. Ondoka alfajiri.

#13 Mfanyabiashara wa vitambaa

Mleta uzi umesahau umeme. Kabla ya kulipia chumba uliza "light" inakaa masaa mangapi na jenereta wanazima saa ngapi. Mimi nilishawahi kulala na feni imesimama, nyumba nyingine, sitaji.

#14 Mleta uzi

Kweli dada. Muulize mwenye nyumba kama mtaa uko "Band A", hao ndo wanaoahidiwa masaa 20 kwa siku na wanalipa bei ya juu. Na uliza kama dizeli iko kwenye bei ya chumba.

#15 Mdau

Mwezi gani mzuri? Nina likizo ya kuchagua.

#16 Mleta uzi

Novemba. Mvua kubwa ni Aprili mpaka Julai na Lekki inageuka bwawa, zinarudi tena Septemba na Oktoba. Novemba imekauka, vumbi la jangwani bado halijashika sana, na bei hazijapanda. Kuanzia katikati ya Desemba wanatua wenyewe kutoka London na Houston, wanaitwa IJGB, "I just got back", wana pauni na dola mfukoni na kila mwenye apatimenti anawajua.

#17 Mdau wa Nairobi

Mimi bado nakam December 😂

#18 Mleta uzi

Basi lipia malazi Septemba, na uombe risiti.